Forester SG5: nimefunga shokapu mpya nne, sasa inapiga kelele kuliko zamani. Nisaidieni kabla sijanunua stering raki

Kobe wa Moshono (mleta uzi), Jumatano usiku

Wakuu, habari za jioni. Naleta kilio changu hapa maana huku mtaani kila fundi ana jibu lake, na kila jibu lina bei yake.

Gari ni Subaru Forester SG5 ya 2005, injini ya EJ20 isiyo na turbo. Nyuma ilikuwa imelala. Nikipakia watu watatu na gunia moja, taa zinamulika popo. Fundi akasema shokapu za nyuma zimekufa na za mbele ziko njiani. Nikajikaza nikanunua zote nne mpya. Siyo za Subaru mwenyewe, ni za kampuni nyingine, na muuzaji aliapa mpaka nikamwonea huruma. Fundi akashauri pia tuweke spesa (vipande vya kuongeza kimo) za inchi moja nyuma ili gari inyanyuke, maana mvua ikinyesha huku kwetu Moshono ni makorongo tupu. Springi tukaacha zile zile. Maunti za juu, zile za chuma na raba zinazoshika kichwa cha shokapu kwenye bodi, nazo tukaacha, fundi alisema bado zina maisha.

Siku tatu za kwanza gari ilikuwa tamu. Siku ya nne zikaanza kelele, tena siyo moja.

Mbele kulia: ko-ko-ko, nikipita kwenye rasta (vile vituta vidogo vya mfululizo) au kokoto ndogo kwa mwendo wa 20 hivi. Cha ajabu, nikivuka tuta kubwa taratibu, kimya kabisa.

Mbele hiyo hiyo, nikikata usukani gari ikiwa imesimama: ting! Kama mtu kagusa waya wa gitaa.

Nyuma, nikipakia familia: du! Kila shimo, du! Mke wangu ameanza kuhesabu.

Nimerudi kwa fundi mara mbili. Kwanza akabadilisha stabilaiza linki za mbele (vyuma vifupi vinavyoshika ncha za stabilaiza), 45,000 zote mbili. Ko-ko-ko ipo. Akabadilisha bol jointi ya kulia (kiungo cha chini cha gurudumu), 35,000. Ipo. Ufundi wa mara zote mbili 30,000. Jana kaniambia basi hiyo ni stering raki, ule mtambo wa chini unaokata magurudumu, nitafute ya mtumba, niandae laki tatu na nusu.

Kabla sijatoa hiyo hela, naomba mwenye uzoefu aseme neno.

Njiapanda

Naweka kambi hapa. Yangu nayo inalia.

Chumvi Nyingi

Subaru hiyo mkuu. Uza, nunua Toyota IST, ulale usingizi.

Kobe wa Moshono

Chumvi, kila uzi wa Subaru lazima upite na IST yako? Ningetaka IST ningeuliza IST.

Mzee Nati

Mleta uzi pole. Raki usinunue kwanza. Weka hiyo hela mahali ambapo hata wewe huifikii.

Nimekaa chini ya magari miaka mingi na nakwambia hivi: kelele iliyoanza siku nne baada ya spana kupita, anza na pale spana ilipopita. Raki yako haikuguswa. Haikulia jana, haikulia juzi, leo iamke tu kwa sababu umefunga shokapu? Inawezekana, lakini iwe ya mwisho kwenye foleni.

Sasa tusikilize gari yenyewe inasema nini. Umesema jambo la maana sana ukalipitia juu juu: rasta ndogo inagonga, tuta kubwa taratibu kimya. Shokapu haijali umbali, inajali kasi. Ukipanda tuta polepole, ile fimbo ya shokapu inasogea mwendo mrefu lakini pole pole, shokapu haipingi sana. Ukipita kwenye rasta, inasogea milimita chache tu lakini kwa haraka, juu chini juu chini, na kila mara nguvu inageuka upande. Kama pale juu inapofungwa pana mwanya hata wa nusu milimita, fimbo itagonga kila inapogeuka. Ndiyo ko-ko-ko yako.

Kwa hiyo mshukiwa wangu wa kwanza ni nati ya katikati ya shokapu ya kulia, au maunti yenyewe imechanika raba. Lakini usiniamini mimi, pima. Kesho fanya haya:

Tafuta tuta lililonyooka, lipande magurudumu yote mawili ya mbele kwa wakati mmoja. Halafu tafuta barabara yenye mashimo ya kupishana, kushoto kisha kulia. Stabilaiza, ile fimbo inayounganisha upande wa kushoto na kulia, inajisokota pale tu gurudumu moja linapokuwa juu na jingine chini. Yakipanda pamoja, inazunguka tu kwenye bushi zake (mito ya raba inayoishika) haina kazi. Kelele ikitokea kwenye mashimo ya kupishana peke yake, ndipo uwaze linki na bushi za stabilaiza.

Pili, pita kwenye hizo rasta huku umegusa breki kidogo tu. Kelele ikikata, basi ni pedi au kalipa (kishikio cha pedi) inacheza, siyo saspensheni.

Tatu, fungua boneti. Uzuri wa SG5 ni kwamba vichwa vya shokapu za mbele unaviona pale pale kwenye injini, vina kifuniko cha raba katikati. Toa kifuniko. Weka ncha ya kidole kwenye nati, mwenzako abonyeze gari kwenye kona ya bampa, arushe rushe. Halafu fanya hivyo hivyo kushoto, ulinganishe. Kidole hakina maslahi ya kukuuzia spea.

Dereva Mstaafu

Naunga mkono Mzee Nati ila naongeza moja. Forester ya SG milango yake haina fremu ya kioo. Kioo kinasimama chenyewe, kinaegemea raba tu. Raba ikizeeka kioo kinacheza, na ndani ya gari unaapa kabisa sauti inatoka kwenye gurudumu. Mimi nilibadilisha bushi zote za mbele kabla sijagundua ni kioo cha dereva. Pita kwenye rasta vioo vikiwa vimeshushwa mpaka chini, usikie kama sauti inabadilika.

Na yale mabati ya kukinga joto kwenye ekzosi. Subaru yoyote iliyofika umri huo bolti za yale mabati zimeliwa na kutu. Ekzosi ikiwa ya baridi, ingia chini uigonge kwa ngumi. Ikijibu kama debe, umeshapata kelele moja.

Njiapanda

Mzee Mstaafu umeniokoa. Nimeenda kugonga ekzosi sasa hivi na tochi ya simu. Imejibu kama debe. Naondoka kambini.

Chumvi Nyingi

IST haina hayo mambo.

Fundi Asiye na Jina

Naomba niwasemee mafundi kidogo maana hapa tumeshakuwa wezi wote.

Mteja anakuja na shokapu mkononi, kanunua mwenyewe, hajui ni za toleo gani. Unamwambia, bosi, ukifungua shokapu badilisha na maunti, raba za springi na raba ya vumbi, kwa sababu kazi ya kushusha ni ile ile. Anakujibu funga hivyo hivyo. Wiki moja baadaye kelele, anakwenda mtandaoni kuanika fundi. Mleta uzi, hebu sema ukweli: hakukuambia ubadilishe maunti?

Kobe wa Moshono

Aisee.

Haya, acha niwe mkweli. Alisema. Alisema kila moja ni 60,000, nikamuuliza bado zinaweza kwenda? Akasema zinaweza kwenda. Kwa hiyo ndiyo nikaandika alisema bado zina maisha.

Fundi Asiye na Jina

Asante. Sina zaidi.

Mzee Nati

Hapo fundi kasema kweli, na wewe mleta uzi umekiri, tuendelee na gari. Lakini Fundi Asiye na Jina nawe nikuulize. Linki zimebadilishwa, bol jointi imebadilishwa, sasa raki. Aliyefanya hivyo alipima nini? Bol jointi ikilegea inaonekana kwa mtarimbo chini ya gurudumu, hata mtoto anaona. Hiyo siyo kosa la mteja kukataa maunti.

Fundi Asiye na Jina

Hapo sina utetezi mzee wangu.

Binti Spana

Habari wakuu. Mimi ni fundi, wa kike kabla hamjaniuliza, na nataka kuzungumzia ile du! ya nyuma maana naona mmeisahau wote.

Mleta uzi, zile shokapu za nyuma ulizotoa zilikuwa nene? Namaanisha nene isivyo kawaida, ukiziweka pembeni ya hizi mpya zinaonekana kama mtungi mdogo.

Kobe wa Moshono

Ndiyo! Tena nzito. Nilidhani ndiyo ubora wa Mjapani. Ziko nyumbani bado, naweka picha.

Binti Spana

Nilijua. Hizo ni za kujiinua zenyewe. Baadhi ya SG5 zilitoka nazo kiwandani. Ndani mna pampu inayoendeshwa na mtikisiko wa barabara. Ukipakia mzigo, gari inaanza imelala, ukienda umbali mfupi shokapu inajisukuma yenyewe mpaka kimo kinarudi. Hakuna waya, hakuna kompresa.

Sasa angalia kilichotokea. Kwa kuwa shokapu ile ilikuwa inabeba sehemu ya uzito, Subaru waliweka springi laini kuliko za Forester zenye shokapu za kawaida. Wewe umetoa shokapu inayobeba, ukafunga ya kawaida ambayo kazi yake ni kutuliza tu, haibebi chochote cha maana. Springi laini zimebaki na mzigo wote peke yao. Familia ikipanda, zinalala mpaka shokapu inafika mwisho na kugonga raba yake ya ndani. Du!

Kobe wa Moshono

Lakini spesa si zimeinua? Gari ikiwa tupu iko juu kabisa.

Binti Spana

Spesa inainua bodi, haiongezi ugumu wa springi hata kidogo. Spesa iliyowekwa juu ya maunti ni sawa na kumvalisha mtu viatu virefu. Kimo kimeongezeka, magoti ni yale yale. Pakia watu watatu, springi italala kiasi kile kile ilicholala kabla ya spesa, na shokapu itagonga mwisho vile vile.

Na ina gharama yake. Ukipandisha jeki gurudumu linaning'inia chini zaidi ya lilivyopangiwa, na ekseli za nyuma zinakaa kwa pembe kubwa zaidi, maana Forester inasukuma magurudumu manne. Inchi moja gari itakuvumilia. Ukija kuniambia inchi mbili na nusu nitakufukuza gereji.

Dawa ni springi za nyuma za Forester SG ambayo haikuwa na shokapu za kujiinua, au springi mpya zilizotengenezwa kwa shokapu za kawaida. Unapoagiza, mwambie muuzaji wazi kwamba umeshahama mfumo. Ukimwambia tu "springi za SG5" anaweza kukupa laini nyingine, ukarudi pale pale.

Wa Nakuru

Niaje wadau wa TZ. Hii ya springi laini imepata watu wengi hapa Kenya pia, Forester zimejaa. Watu wanatoa hizo shocks nene kwa sababu mpya zake ni bei ya kukosesha usingizi, halafu hakuna anayewaambia kuhusu springi.

Kelele yangu mimi ilikuwa tofauti: kwi-kwi, kwi-kwi, kama kitanda cha mabweni. Nilikuwa nimeweka bushi za stabilaiza za poliurethani (plastiki ngumu), zile za rangi nyekundu, kwa sababu jamaa wa kikundi chetu walisema ziko imara. Ni imara kweli, lakini zikikauka zinalia. Asubuhi zinalia, mvua ikinyesha zinanyamaza, jua likitoka zinaanza tena. Makanika alizipaka grisi ya kawaida zikanyamaza wiki mbili tu. Dawa ilikuwa kuzifungua, kusafisha mchanga, na kupaka grisi ya silikoni, ile inayogandamana, haioshwi na maji. Kama bado una bushi za raba ya kawaida, usizipake grisi ya petroli hata kidogo, inazivimbisha na kuziua.

Mzee Nati

Wa Nakuru, karibu sana. Na hilo la kunyamaza mvua ikinyesha ni kipimo kizuri. Mwagia bushi moja moja maji kwa chupa, usikie ipi inanyamaza.

Kobe wa Moshono, Ijumaa jioni

Wakuu nimerudi. Nimepima kila kitu. Jirani yangu amenisaidia kwa malipo ya soda mbili.

Vioo chini: ko-ko-ko ipo. Kugusa breki: ipo. Ekzosi: kimya, bati liko imara. Tuta la magurudumu mawili kwa pamoja, mwendo wa kama 15: ipo. Mashimo ya kupishana: ipo vile vile, haijaongezeka.

Halafu nikafanya kitu ambacho Mzee Nati hakusema, nilikiona mahali: nikafungua linki zote mbili za mbele, nikazifunga kwa waya pembeni zisigonge, nikaendesha kwenye barabara ya mtaani kwa mwendo wa konokono. Ko-ko-ko ipo! Kwa hiyo ile 45,000 niliichoma.

Mzee Nati

Umefanya vizuri sana, ila wengine wanaosoma wasikilize: fungua zote mbili, siyo moja, na usiende nayo barabara kuu. Bila stabilaiza gari inalala kwenye kona kuliko ulivyozoea. Halafu zirudishe siku hiyo hiyo.

Na kwa faida ya wote: wengi wanapima linki kwa kunyanyua gurudumu moja na jeki, wanaitikisa, wanasema iko ngumu. Ukinyanyua upande mmoja stabilaiza imejisokota na inaivuta linki, hata iliyokufa itaonekana ngumu. Itikise gari ikiwa imekaa chini kwa magurudumu yote, juu ya shimo la gereji.

Kidole ulikiweka?

Kobe wa Moshono

Nilikuwa nakuja huko. Kushoto: nati na maunti vinasogea pamoja kidogo, laini, kama kubonyeza godoro. Kulia: jirani akibonyeza gari, nati inaruka. Inapanda, inagonga kidole: ko. Ninaiona kwa macho! Nimechukua video, ila ni nzito haipandi.

Mzee Nati

Sihitaji video. Kesho nenda gereji, siyo lazima ile, wakaze nati hiyo. Lakini sikiliza jinsi inavyokazwa.

Ile nati ipo kwenye fimbo ya shokapu, na fimbo inazunguka. Ukiipiga na mashine ya upepo, nati na fimbo vinazunguka pamoja, mashine inalia trrrr, fundi anadhani imekaza. Haijakaza. Bila shaka ndivyo ilivyofungwa ya kwako. Inatakiwa fimbo ishikwe kwa alenki (ufunguo wa pembe sita) pale juu, na nati ikazwe kwa spana, kwa mkono, kisha toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha gari hiyo.

KUKAZA unaweza kukaza gari ikiwa imekaa chini. KUFUNGUA, kamwe. Hiyo nati ndiyo imeishika springi iliyobanwa. Ukiifungua bila springi kubanwa na kifaa chake, kichwa kinaweza kuruka kikakuvunja taya. Na kifaa chake siyo kamba ya katani wala waya wa kufungia mabati. Nimeona.

Dereva Mstaafu

Na mimi nimeona. Yule bwana mpaka leo anatafuna upande mmoja.

Kobe wa Moshono, Jumamosi mchana

Niko gereji nyingine, naandika nimekaa kwenye ndoo ya rangi.

Fundi wa hapa kashika fimbo na alenki, kaweka spana kwenye nati ya kulia. Imezunguka karibu raundi mbili nzima ndiyo ikagoma. Raundi mbili! Tukaenda kwenye rasta: ko-ko-ko imepungua kwa asilimia kubwa lakini siyo yote. Kuna ko moja moja imebaki.

Binti Spana

Hiyo iliyobaki ni maunti. Imeendeshwa na nati iliyolegea wiki nzima na zaidi, fimbo imekuwa inaipiga kama nyundo. Hata kama ilikuwa na maisha, sasa hayapo. Shusha shokapu hiyo, weka maunti mpya pande zote mbili, na ukishashusha ndipo utazame ile ting! yako.

Ting ya kukata usukani gari imesimama ni springi inayoshindwa kuzunguka na gurudumu. Beringi iko ndani ya maunti pale juu. Ikikwama, springi inajisokota, inajisokota, halafu inaachia kwa mpigo. Au mkia wa springi haukukaa kwenye ngazi yake kwenye bakuli la shokapu. Shika springi kwa kiganja huku mtu anakata usukani, utasikia inaruka mkononi. Vidole usiviingize katikati ya mizunguko.

Kabla hawajashusha, waambie waweke alama kwenye bolti mbili za chini zinazoshika shokapu na gurudumu. Ile ya juu ina kichwa chenye mduara usio sawa, ndiyo inayorekebisha kemba, yaani mwinamo wa gurudumu. Ikirudi vibaya tairi italiwa upande mmoja.

Kobe wa Moshono

Dada, umeandika nikiwa nashuhudia. Wameshusha sasa hivi. Raba ya maunti ya kulia imeachana na chuma nusu mzunguko, unaingiza bisibisi. Na mkia wa springi ulikuwa umepanda juu ya ngazi, umbali wa upana wa vidole viwili hivi, rangi ya bakuli imekwaruzika hapo. Kwa hiyo ting! ni hiyo, ingawa beringi nayo inakwaruza ukiizungusha.

Nimenunua maunti mbili mpya. 120,000. Ile ile niliyokataa kutoa.

Fundi Asiye na Jina

Linki 45,000, bol jointi 35,000, ufundi 30,000. Umetoa 110,000 kukwepa 120,000, kisha ukatoa na 120,000.

Kobe wa Moshono

Mke wangu naye kapiga hesabu hiyo hiyo, bila kikokotoo.

Njiapanda

Nimerudi kambini. Bati la ekzosi limefungwa klempu, debe limekwisha, sasa nasikia kelele nyingine ambayo debe lilikuwa linaificha. Mzee Nati, gari ni Premio, imebadilishwa bushi za mkono wa chini pande zote mbili, na sasa ikipanda tuta inalia nyeee kama mlango wa kaburi kwenye filamu.

Mzee Nati

Walikaza bolti za bushi gari ikiwa wapi, juu ya jeki au chini?

Njiapanda

Juu ya jeki. Kuna tofauti?

Mzee Nati

Kubwa. Bushi ya raba imegandishwa na chuma cha nje na cha ndani, haizunguki, inajipinda. Ukiikaza gurudumu likiwa linaning'inia, umeifundisha kwamba pale ndipo nyumbani. Ukishusha gari, inakaa imepinda siku nzima hata ikiegeshwa. Inalia, na itachanika mapema. Legeza bolti, shusha gari, irushe rushe kidogo ikae kwenye kimo chake, kaza hapo hapo kwa chini. Hulipii spea yoyote.

Ukitaka kuanzisha uzi wa Premio anzisha wako, huu ni wa Kobe.

Chumvi Nyingi

Premio nayo ni Toyota ila sina la kusema leo.

Kobe wa Moshono, Jumatatu usiku

Ripoti. Maunti mpya mbele zote mbili, springi imekaa kwenye ngazi yake, nati zimekazwa kwa alenki na toki renchi mbele ya macho yangu. Alaimenti (kunyoosha magurudumu) imefanywa leo. Ko-ko-ko imekwisha. Ting imekwisha. Nimepita kwenye rasta zile zile mara nne, mpaka bodaboda wa kijiweni wakaniuliza kama nimepotea njia.

Du! ya nyuma bado ipo, kama Binti Spana alivyosema itakuwepo. Nimepata springi za mtumba za Forester yenye shokapu za kawaida. Kabla ya kulipa nimezilaza sakafuni pembeni ya picha ya zangu. Waya wake ni mnene kidogo kwa macho. Zinafungwa Alhamisi, na spesa nimeamua zitoke ili nijue kimo halisi cha gari.

Binti Spana

Uamuzi mzuri. Waambie wasikaze bolti za mikono ya nyuma gari ikiwa juu, umeshasoma sababu. Na baada ya kilomita mia hivi rudi wakague kila nati waliyogusa, zikiwemo za magurudumu.

Kobe wa Moshono, Ijumaa asubuhi

Zimefungwa. Jana jioni nimepakia mke, mama mkwe, watoto wawili na gunia la viazi, tukaenda mpaka Usa River na kurudi. Nyuma ni ngumu kidogo kuliko mwanzo gari ikiwa tupu, lakini ikiwa na mzigo imetulia. Mashimo manne makubwa, du! moja tu, na hilo shimo hata lori lingelia.

Mama mkwe alisema gari ni nzuri, nimenunua lini.

Dereva Mstaafu

Hongera kiongozi. Na zile shokapu nene usizitupe kama bado hazijavuja mafuta, kuna watu wanazitafuta.

Njiapanda

Samahani mleta uzi. Ile bol jointi iliyotolewa bila sababu ikiwa nzima, na linki za zamani, bado unazo? Nina rafiki ana SG5.

Kobe wa Moshono

Linki zipo, ziko kwenye buti. Bol jointi fundi alibaki nayo. Nimemuuliza jana, kasema aliitupa.

Fundi Asiye na Jina

Hakuitupa.